Umri wa Watoto, Koma D

Jumatatu, 4 Machi 1996
Kompyuta ya kliniki imewaka leo bila kupigwa kofi. Maajabu! Jeconia alifika mapema kutoka Kawangware, kwa miguu, viatu matope matupu. "Niaje, Annet." Halafu kimya mpaka saa sita. Programu ya chanjo tuliandika pamoja mwezi uliopita — mimi skrini, yeye hesabu. Nampenda hata akinyamaza. Haya, nimeandika. Basi.

Sista Mercyline analalamika. Surua imeingia hapa mtaani Laini Saba, na programu inaita watoto wadogo tu. Eddah, binti ya Nekoye wa kuuza samaki, ana miaka miwili na nusu. Hajaitwa hata mara moja!

Jumanne, 5 Machi
Nimefungua debaga. (Mama huniuliza debaga ni nini. Humwambia ni tochi ya kumulika ndani ya programu ikiwa kazini.) Nikataka kuona umri wa watoto. Ikanionyesha herufi! Mtoto mmoja ana umri wa "A". Eddah — kialama tu, kama mdudu aliyekanyagwa. Nilicheka mpaka Sista akachungulia.

Jeconia hakucheka. Anasema haijaharibika. Umri tumeuweka kwa nafasi ya herufi, kwa hivyo inauonyesha kama herufi. Namba ni ile ile, imevaa nguo tofauti.

Nguo! Na huyu ndiye mtu wa kunyamaza.

Jumatano, 6 Machi
Stima zimepotea. Tumekunywa chai. Alikata andazi, akanipa kipande kikubwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimepata! Iko kwa kitabu cha maelezo. Unaandika jina la kitu, halafu koma, halafu d, na debaga inakuonyesha namba ya kawaida. Nikaandika umri,d — "A" ikawa 65. Wiki sitini na tano, sawa kabisa. Nikasogea kwa Eddah.

-121.

Kutoa! Programu inadhani huyu mtoto hajazaliwa! Ile nafasi inabeba mpaka 127 tu, na Eddah ana wiki 135; ukipita hapo inaruka chini ya sifuri. Kila mtoto aliyepita hizo wiki tumemwacha nje.

Nafasi ndogo aliichagua Jeconia, kuokoa memori. Aliweka mikono kwa kichwa. Nilitaka kuishika hiyo mikono. Nikasema tu, "Si ni laini moja ya programu? Tunabadilisha."

"Laini ni moja," akasema. "Watoto ni wangapi?"

Ijumaa, 8 Machi
Tumebadilisha. Majina yalimwagika kwa printa mpaka karatasi ikaisha. Sista akapiga makofi, kisha akauliza: Nani atawaendea hawa wote? Jeconia — anayeogopa watu! — akasema, "Mimi na Annet tutazunguka."

Hakuniuliza. Ningekubali tu.

Jumamosi, 9 Machi
Tangu asubuhi tunabisha milango kando ya reli. Yeye anabisha, mimi naongea. Wengi wamekuja kuchanjwa, wengine wamebeba na watoto wa jirani.

Kwa Nekoye tumechelewa. Eddah ana homa, macho mekundu, vipele vimeanzia nyuma ya masikio. Jeconia alimweleza Nekoye yote, kosa lake lilivyokuwa, bila kujificha. Nekoye akamfunga Eddah leso. Afadhali angemtukana! Halafu akamkabidhi Jeconia mtoto, ili yeye afunge mlango. Jeconia akamfunika Eddah na koti lake, tukashuka mbio.

Sasa tuko kwa benchi ya kliniki. Nekoye ameenda kutafuta maziwa. Eddah amepewa dawa ya homa lakini anapumua kwa shida, na Sista hapendi vile kifua kinalia. Mtoto hataki kushushwa, ameng'ang'ania kola ya Jeconia. Na Jeconia anamwimbia Kijaluo, polepole — sikujua anajua kuimba! Mama mmoja kando yetu amemuuliza kama mimi ndiye bibi yake. Nikangoja acheke. Akatae.

"Bado," akasema. Akaendelea kuimba.

Sista amerudi, vyombo vyake masikioni. Anasema tunyamaze kidogo, asikilize kifua —