Herufi Zilizofika Umeshaondoka

Kaka yangu Fidelis,

Naandika haraka, kwa hiyo nikikosea usinicheke. Leo baada ya ibada wifi, mkeo, amefika hapa Kibondo kutoka Kasulu, kompyuta yako kaifunga kwenye kitenge. Haijawashwa tangu tukuzike. Alitaka nimtolee picha za watoto tu. Nikaiweka mezani kando ya yangu, kila moja na modemu yake, nikaiwasha, ukurasa wetu ukafunguka kwenye zote mbili, nikaingia jikoni kumletea chai. Aliyeona kwanza ni yeye. Aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Kwenye kompyuta yangu, kwenye ukurasa wetu wa kuandikia, herufi zilikuwa zinatokea moja moja. Hakuna aliyegusa kibodi. Juu yake limekaa jina lako.

Mama wee! Kaka, kikombe kimoja kilinitoka mkononi. Wifi kajishika mdomo.

Unakumbuka tulivyoanza? Walimu wenzangu walihangaika kutunga mitihani ya pamoja, huyu yuko Kibondo, yule Kasulu. Ukasema tuwatengenezee ukurasa mtandaoni, waandike wote mahali pamoja. Wewe ukachukua kazi ya kibodi. Mimi nikachukua ya kuburuta: mwalimu alishike swali kwa kipanya, alivute, aliachie panapofaa. Tatizo mtandao wetu huu wa milimani. Unaandika neno, inatokea nusu. Unaburuta swali, mtandao unakata katikati, swali huku halipo na kule halipo. Mwalimu mmoja wa Rungwe Mpya alipoteza maswali yote ya sehemu ya pili, akatuambia bora chaki yake.

Ndipo ukaja na wazo lako. Kila herufi na kila kinachoburutwa kihifadhiwe kwanza kwenye kompyuta yenyewe, kipange foleni, mtandao ukirudi vyote viende kwa zamu yake, hata ipite miezi. Nilikubishia sana. Nilikuambia hiyo ni ndoto ya mchana.

Na wewe kwa salamu! Bila salamu hukugusa kazi. Ukurasa ukifunguka asubuhi, wewe ulikaa kimya ukisubiri niandike "Mwakeye", salamu yetu ya kikwetu, kwa kuwa mimi ndiye mdogo. Nami kwa ukaidi nikakaa kimya vilevile, bando linaisha hivihivi. Mama alisema tutazeeka hatujasalimiana. Basi tukawekeana ahadi: herufi zilizoandikwa bila mtandao zikifika zote, nitakuwa nakusalimia wa kwanza maisha yangu yote. Zikipotea, utaanza wewe.

Asubuhi ile ya mwisho upande wako ulikuwa kimya. Nikadhani ni mchezo wetu uleule, nikanyamaza. Mchana nikapigiwa simu kwamba umepata ajali ya pikipiki njia ya Buhigwe, na hospitali hukufika. Tangu hapo kinachonitafuna ni hicho, kwamba tuliachana bila hata neno.

Kumbe neno ulilisema. Lilikuwa limekaa Kasulu ndani ya kitenge.

"Mtandao umekata tangu alfajiri," uliandika. "Naandika hivyohivyo." Ukakosea neno moja, nikaona linafutika, likaandikwa upya. Halafu kule chini, tulikoweka majina ya watengenezaji, lako juu na langu chini, jina langu likanyanyuka mbele ya macho yetu. Likapanda taratibu, likatua juu ya lako. Kaka, ni kuburuta kwangu kule! Halikupotea njiani.

Kisha ukaandika, "Hata kuburuta kwako kunashika, nimejaribu. Haya mdogo wangu, nisalimie."

Kishale cha kuandikia kikabaki kinawaka na kuzima.

Wifi akaniuliza polepole, "Yuko wapi?" Mimi niliyeijua foleni ile, niliyeipinga mstari kwa mstari, nilikuwa nasubiri uendelee. Nimeshtuka mpaka sasa, na katikati ya mshtuko nina furaha ambayo naionea aibu, maana bado tuko kwenye matanga ya moyo. Tulikaa mpaka chai ikapoa. Hakikuongezeka kitu.

Nikamweleza wifi yote, kuhusu foleni na kuhusu ahadi yetu. Alilia, kisha akanisogezea kibodi. Akasema, "Mjibu basi. Amekusubiri sana."

Nikaandika, "Mwakeye, kaka." Tukageuka wote kuitazama kompyuta yako. Herufi zangu zikatokea pale moja moja, zote, chini ya maneno yako. Wifi akaitikia kwa niaba yako.

Walimu watapewa ukurasa wao, na majina nimeyaacha ulivyoyapanga. Lala salama, kaka. Kesho kabla ya kazi nitakusalimia tena, na keshokutwa, maana umenishinda.

Ni mimi mdogo wako,
ninayesalimia wa kwanza.