Folda Yenye Jina Lako

Boca de Ánimas, Mto Atrato
Tarehe 9 Septemba

Kwa komadre wangu mpendwa Zunilda,

Nakusalimu katika jina la Bwana na Mama yake Mtakatifu. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, kidonda cha shingo kimefunga, na unaweza kumeza hata ndizi za kupondwa. Huko Cali wanakupikia supu ya kueleweka, au ni zile za maji matupu? Sisi huku wazima. Mvua ni ile ile unayoijua. Leidy wangu, uliyemshika kwenye maji ya ubatizo sisi tukaanza kuitana komadre, anakusalimu sana na amekuwekea samaki wa kukausha.

Barua yako niliipata. Niliposoma kwamba daktari ametoa uvimbe na sauti nayo imekwenda, kwamba sasa unazungumza na watu kwa kuandika kwenye daftari, nilikaa kitako pale pale jikoni. Ukaniuliza jambo moja tu: kama nyimbo zako za matanga alizozirekodi marehemu mwalimu Heriberto bado zipo, maana mjukuu wako kazaliwa huko na hajawahi kukusikia ukiimba. Wiki sita sijakujibu. Leo najibu, na nakuomba usiruke mstari hata mmoja.

Kompyuta ya mwalimu, alimozihifadhi nyimbo, ilibaki kanisani, kwenye chumba cha padri cha kuvalia. Mwezi wa tano ikagoma. Ukiibonyeza taa inawaka, inaunguruma kidogo, kioo cheusi tii, halafu ndani inalia tik, tik, tik kama mjusi. Tuliifanyia kila dawa. Doña Práxedes aliifukia kwenye gunia la mchele siku tatu, kwa kuwa simu yake iliwahi kupona hivyo. Ikatoka imekufa vile vile, na mchele tukaula una vumbi. Mwingine akataka inyunyiziwe maji ya baraka. Padri akasema kwa upole kwamba unyevu wa huku umekwisha kuibariki vya kutosha.

Basi kina mama wenzetu wa kuimba wakanituma mimi niipeleke mjini Quibdó, kwa kuwa najua kusoma na sina mume wa kumpikia. Nikaifunga kwa nailoni, nikaipakata kwenye boti. Mwenye boti akaniambia, mbele ya abiria wote, "Mshike vizuri Zunilda wetu, doña, asije akatumbukia." Wakacheka, nami nikacheka. Lakini komadre, humo ndani nilikuwamo na mimi. Hakuna aliyesema tumshike Eulogia.

Unajua walivyokuwa wakisema juu yako. Kwamba Zunilda akiimba, maiti anatamani kufa tena ili asikie mara ya pili. Na juu yangu wakisema Eulogia ana sauti ya kutosha. Ya kutosha! Kama chumvi ya kwenye mboga. Miaka ishirini na minne tumeimba bega kwa bega, nikipiga magoti kumshukuru Mungu kwa sauti yako, na nikiinuka moyo unaniwasha kama niliyekula pilipili mbichi. Na yale ya matanga ya don Abundio, uliponipokonya wimbo mdomoni mbele ya kijiji kizima, hujui nilivyoyalea. Nilikupa mkono wa amani kanisani kila Jumapili, na kila Jumapili niliyakumbuka.

Fundi wa kompyuta pale Quibdó ni mwanamke, Darlenis, duka lake liko nyuma ya soko. Alipofungua kompyuta akakuta sisimizi wamejenga humo, na mayai yao. Akasema tumemletea kijiji kizima na hatukuleta karatasi za kuhama. Akawapangusa kwa brashi, akachomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe. Tulisubiri kama watu wanaosubiri mgonjwa afumbue jicho. Mwishowe zikaonekana folda mbili, kwa majina aliyoyaandika mwalimu: ZUNILDA, nyimbo arobaini na moja, EULOGIA, nyimbo kumi na mbili. Folda moja ikanakiliwa hadi mwisho. Alipogusa ya pili diski ikalia mara tatu, ikanyamaza, na haikuamka tena.

Iliyookoka ni yangu.

Nilivyowasimulia kina mama ni hivyo hivyo, na hakuna uongo humo. Wakanishika mikono, wakasema Mungu mwenyewe amechagua sauti ya kututunzia. Doña Práxedes alilia kwa ajili yako, kisha akaniomba nimsamehe kwa kutonithamini. Nikamsamehe, komadre. Nilisimama pale nikamsamehe.

Sasa nakuandikia nilichokiruka. Kabla ya kunakili, Darlenis aliniambia, "Doña, diski hii imechoka. Kila inapozunguka huenda ni mara ya mwisho. Nianze na ipi?" Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeisoma mara mbili kwenye boti. Nikamwambia, "Anza na yangu." Akanitazama, akauliza na ile yenye arobaini na moja je. Nikamwambia nimeshasema. Mungu hakuchagua kitu. Nilichagua mimi.

Nikarudi nyumbani, nikazisikiliza zangu. Zote kumi na mbili, nikiongoza mimi, anayenibeba kwenye kiitikio ni wewe. Wa tisa ni ule wa matanga ya don Abundio. Nilitaka kuupita, kidole kikakataa. Naimba, nafika ubeti wa tatu, nanyamaza. Kimya kirefu, komadre, kirefu mno. Mtu mmoja anakohoa. Maneno yalikuwa yamenitoka, nami nimeapa miaka yote kwamba hayakunitoka. Ndipo nasikia mnong'ono karibu na kinasa sauti: "Pumua, komadre. Nakushikia mpaka urudi." Unaimba beti mbili. Unaniacha nafasi niingie. Siingii. Unaumalizia wimbo kwa kuitikia tu, taratibu, kana kwamba bado naongoza mimi.

Padri amenisikia na kunipa toba, na ameniambia Mungu amekwisha kunisamehe lakini si yeye aliyepoteza nyimbo. Jumapili nitawaambia kina mama. Wewe nilitaka ujue kwanza.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Nimeweka zote kumi na mbili, ila mwekee mjukuu ule wa tisa. Badala ya zako arobaini na moja nimekubakizia beti mbili, na hizo nazo ulikuwa ukiniokoa mimi.

Wasalimie wote nyumbani, na daktari wako pia. Nakuombea kila asubuhi, na sasa naomba kwa moyo mmoja. Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni kwa neno moja, na hata kama neno hilo ni baya.

Wako,
Eulogia Perea