Mashine Yako ya Kuchomelea

Baba watoto,

Huku hatujambo. Mdogo ameota jino, na mlango wa jiko bado unalia vilevile ulivyouacha.

Stoo wametuletea mfumo mpya wa kompyuta. Kila kifaa cha kampuni kilishabandikwa kidude kabla hujaondoka, na siku hizi nikiwa mezani naona kwenye ramani kilipo na kama kimewashwa. Bosi anatamba kwamba hata bisibisi haipotei tena. Nikatafuta mashine yako ya kuchomelea, ile uliyosaini kwenda nayo tawi la mbali. Nilikuwa nimekukumbuka tu.

Mume wangu, uliandika kazi imekubana. Mashine iko hapa hapa mjini kwetu, mtaa wa nyuma ya soko, wiki ya tatu sasa, na haijawashwa hata siku moja. Nilipita pale, ni nyumba yenye mlango wa kijani. Fundi wa kompyuta anasema mfumo bado mgeni, hukosea. Haya, labda. Mimi si mtu wa kuhukumu upesi.

Ndiyo maana barua hii sikuipeleka posta. Nimeipenyeza chini ya mlango wa kijani. Ukiisoma, basi mfumo haukosei.

Mkeo,
mtunza stoo.