Kigelegele Kilichotoka Hewa Tupu

Mama yangu,

Shikamoo. Hii utaisikia, maana nimeiandika. Walio hai hawanisikii.

Unakumbuka harusi za Lipingo? Ukipiga kigelegele kanisani, hata waliokuwa wakitengeneza nyavu ufukweni walijua bibi harusi ametoka. Ulinifundisha tukianika dagaa wa usipa mchangani: "Ulimi ucheze, usione haya!" Nikakipandisha kigelegele hicho mpaka Mbinga nilikoolewa, wakanijua kwacho.

Mwaka jana nilitolewa uvimbe kwenye pafu. Hawakunipasua kifua, walipitisha kamera na vyombo kwenye matundu madogo ubavuni. Uvimbe ukaisha, tukamshukuru Mungu. Lakini nilipozinduka, sauti haipo. Daktari akasema mshipa wa fahamu unaoendesha sauti uliumia, jambo linalotokea kwa nadra sana. Nadra yenyewe, Mama, nikaiokota mimi! Mpaka leo nanong'ona tu, na maji yananipalia.

Aibu niliyoiona! Nawaamkia wazee njiani, midomo inacheza, sauti haifiki. Mzee Ndunguru, jirani yetu, akasema mbele za watu, "Huyu tangu atibiwe mjini, hasalimii." Nikaanza kupita nyuma ya mashamba kama mwizi wa kahawa.

Jumamosi mjukuu wako Anna aliolewa. Nilipanga kujificha jikoni, vigelegele niwaachie mawifi. Akanijia juu: "Mama, usiponipigia wewe, sitoki ndani." Mbishi, kama wewe.

Basi akatokea mlangoni, watu wote, hata Mzee Ndunguru, wakanigeukia. Nikapiga. Ikatoka hewa tupu, fyuuu, kama pampu ya baiskeli. Mtu akacheka. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Anna, bibi harusi anayepaswa kuinamisha macho, akafunua shela, akapiga kigelegele mwenyewe mpaka kuku wakatawanyika. Kilikuwa chako kabisa, Mama. Nililia, na hata kilio changu hakikusikika.

Nisikudanganye, aibu haijaniisha. Jana, Jumapili, nilikaa tena benchi la nyuma kanisani, nikatoka mapema nisionane na watu. Mlangoni nikakutana ana kwa ana na Mzee Ndunguru. Nikapiga goti, nikafungua mdomo. Hakungoja sauti.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Pumzika, Mama.

Ni mimi binti yako, mama yake Anna