Kabureta Mbili, Masikio Mawili

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mzee Kipyegon wa kule Kwanza ameleta Moris yake asubuhi, lile gari lake la zamani. Nyeupe, safi, anaipangusa na kitambaa chake cha mfukoni. Anataka nimwekee kabureta mbili ipate nguvu. Ati juzi akipanda mlima kuelekea Kapsokwony na mke wake na shemeji wawili, bodaboda iliyobeba sofa ikampita. Sofa ya watu watatu! Baadaye kidogo gari ikakataa kabisa, shemeji wakashuka kusukuma. Tangu hapo Chelagat, mke wake, akitaka kwenda kwao anatafuta gari ya watu wengine. Mzee ananieleza akiangalia viatu vyake.

Nikamwuliza nani alimwambia naweza hiyo kazi. Khaemba wa Chwele, akasema. Kumbe! Huyo nilimwekea kabureta mbili mwezi wa sita, na anazunguka sokoni akinisifu.

Nimefurahi, sitajificha. Fundi wa kabureta hapa Kitale tumebaki wangapi? Hawa vijana wanachomeka kompyuta tu. Nimemwambia arudi Jumamosi ya wiki ijayo.

Sikio la kulia bado limejaa. Tangu Pasaka. Nimelichokora tena na unyoya wa kuku, vile tulizoea nyumbani. Wapi!

Alhamisi, 11 Septemba 2025

Kabureta zimekaa. Nilizitoa kwa Moris iliyokufa kule Kabuchai, nikazifungua zote, nikaziosha mpaka zikang'aa. Sellah, mdogo wangu, yeye hupiga magari rangi upande ule mwingine wa uwanja wetu wa gereji, alikuja kunishikia spana. Akasema zinafanana kama mapacha.

Nikamwambia hao mapacha ndio shida sasa. Lazima zivute hewa sawasawa. Moja ikishiba kuliko mwenzake, injini inatetemeka, na mahali pa nguvu unapata moshi.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Siku mbaya.

Leo ilikuwa ya kusawazisha. Kuna watu wako na vipimo vya mshale. Mimi natumia hosi ya mpira ya futi mbili, vile baba alinifundisha – mwisho mmoja mdomoni mwa kabureta, mwingine sikioni. Unasikiliza upepo. Unahamia ya pili, unasikiliza. Unacheza na skrubu mpaka sauti ziwe moja. Ya mbele naisikiza na sikio la kulia, ya nyuma na la kushoto. Ndivyo nasimama, miaka thelathini.

Sauti zikawa moja. Nikaendesha mpaka Kiminini na kurudi. Inatetemeka! Inakohoa! Nikafungua plagi za injini. Mbili nyeusi tititi kama sufuria ya kuni, mbili nyeupe: kabureta moja imeshiba, nyingine ina njaa. Nikasawazisha tena. Masikio yakasema sawa, plagi zikakataa. Mara tatu.

Halafu nikafanya kitu sijawahi kufanya. Nikaweka hosi kwa kabureta ya mbele, lakini sikio la kushoto. Mungu wangu. Inavuma! Nikarudisha la kulia – kamnong'ono tu.

Nilikaa chini, mgongo kwa tairi. Sellah akauliza kuna nini. Nikamwambia ni mgongo.

Naweza kutumia la kushoto peke yake, najua. Lakini baba alianza hivyo hivyo, na sikio moja. La pili likafuata kabla ya mwaka kuisha. Fundi mzuri vile, akamaliza siku zake kwa kiti hapo getini, wateja wakimpita. Mimi naogopa. Nisiposikia mimi ni nani? Sijui kazi nyingine.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Kanisani sikuimba. Nilikuwa nikiziba sikio moja, halafu lingine, kupima kwaya. Nikiziba la kushoto, watu wanafungua mdomo tu.

Tukitoka Sellah akaniita mara mbili sikusikia. Akacheka, ati nimezeeka. Sikucheka.

Jumanne, 16 Septemba 2025

Nimerudi kutoka Bungoma sasa hivi. Sellah nilimdanganya ati naenda kutafuta gasket ya injini. Ningeonekana kliniki ya masikio hapa Kitale, kufika jioni kila mtu angejua fundi wa kusikiliza hasikii.

Daktari ni msichana, anaitwa Jerop. Akaingiza tochi yake, akaangalia, akaangalia tena. Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Halafu akauliza, pole pole sana:

"Mama, umekuwa ukiweka nini humu ndani?"

Akaleta maji ya vuguvugu na bomba la sindano. Akapiga maji, akapiga tena. Ikatoka. Jamani! Donge la nta, jeusi kama grisi kuukuu, na katikati yake ncha ya unyoya wa kuku. Unyoya! Kumbe kila nikichokora nilikuwa nasindilia. Akanionyesha kwa kibakuli. Nilicheka mpaka machozi, na si yote yalikuwa ya kucheka.

Akanipima na mashine, kulia na kushoto. Yako sawa, mazuri kuliko ya watu wengi wa umri wangu. Amenikataza unyoya, njiti ya kiberiti na kalamu. Hosi hakuikataza. Sikumwambia.

Nikatoka nje nikasimama tu. Kelele kila mahali, tamu! Ng'ambo ya barabara mama mmoja anagombana na mteja juu ya nyanya, nasikia kila neno. Nilinunua muwa, nikajisikia nikiutafuna mpaka kituoni. Asante Mungu. Asante, asante, asante.

Jumatano, 17 Septemba 2025

Dakika ishirini! Hosi, skrubu, nimemaliza. Kiminini na kurudi, ile Moris inapanda kilima na gia kubwa kama haijui ni kilima. Plagi zote nne rangi moja, kahawia ya chai ya maziwa. Nimeimba nikinawa mikono.

Nikamweleza Sellah ukweli wote, unyoya na kila kitu. Alicheka mpaka akajishika tumbo. Halafu akaacha.

"Dada, na ile ya Khaemba?"

Ya Khaemba ni ya mwezi wa sita. Sikio liliziba Pasaka.

Gari za kabureta moja hazina neno, ninasikiliza na la kushoto. Ya kabureta mbili tangu Pasaka ni yake tu. Nilimpa gari inatetemeka, nikamwambia itazoea.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Sijampigia Khaemba. Nimeshika simu mara tano. Si amefurahi na gari yake? Nikimwambia, mdomo ule ule ulionisifu utanimaliza. Nisipomwambia, ile injini itajila pole pole mpaka iishe.

Kesho.

Jumamosi, 20 Septemba 2025

Mzee Kipyegon alifika mapema na Chelagat. Nikawapeleka mpaka kile kilima, tukapanda tukiwa wanne, Sellah nyuma. Mama wa watu alishikilia mlango mpaka juu kabisa. Hapo akamgusa mzee bega, akasema leo anataka waende kwao, na shemeji waambiwe wavae viatu vizuri, hawasukumi. Mzee akatoa kile kitambaa chake, akapangusa dirisha. Moyo wangu ulitulia kabisa.

Tumerudi uwanjani, chai imeshatengwa, mara nikasikia injini huko barabarani. Sikuinua kichwa. Kabureta ya mbele inakunywa, ya nyuma ina njaa. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe inakuja.

Khaemba. Na ameleta mteja, mzee anamfuata na Moris yake ya kijivu. Ameshuka akicheka, akafungua bonet, injini bado ikinguruma, akamwambia mgeni wake mbele ya kila mtu:

"Huyu ndiye Mama Fridah. Sikiza hiyo injini, bana. Sikiza vile imetulia."

Wote wakasikiliza. Mzee Kipyegon naye akaitikia kwa kichwa, ati kweli.

Nimewaambia nakuja, nimeingia ofisini kuchukua hosi. Iko hapa mezani. Naandika kwanza, ndipo nitoke. Huko nje nasikia kila kikohozi cha hiyo gari, kimoja kimoja. Sellah amekuja mlangoni, ameangalia hosi, ameniangalia mimi, ameenda.

Khaemba anauliza kama azime.

Nimemwambia kupitia dirishani asizime. Nimemwambia: "Simama hapo kwa bonet, Khaemba, nakuja na hosi. Leo utasikiliza wewe."

Anasogea kwa bonet, bado anacheka.