Kiti cha Mhandisi Mgeni

Jumanne

Taifa na litangaziwe kwamba leo, katika ofisi yetu ya vyumba viwili hapa Chimwaga, kimewasili kiti. Kinazunguka, kina magurudumu, kina hata mahali pa kuegemeza kichwa. Nilijaribu kukiunga mwenyewe, nikafunga mgongo wake kwa mbele.

Zuhura akaniondoa. "Shikamoo mzee, lakini tupishe." Yeye ndiye aliyeijenga programu yetu ya kuuzia zabibu, tangu mwanzo, akikalia kiti cha plastiki kilichomharibu kiuno. Alikaza skrubu moja moja huku anaimba. Alipomaliza akakaa, akazunguka, akafumba macho.

"Kumbe ulikuwa unasikia nikilalamika."

Nikamtania kwamba sasa atasinzia kazini. Ofisi nzima ikacheka. Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia kiti si chake, lakini bado...

Basi ukweli ni huu. Kiti ni cha mhandisi tuliyemwajiri kutoka Ureno, anayefika Ijumaa, kwa kuwa wawekezaji wanataka sura ya kimataifa. Anachukua nafasi ya Zuhura. Nilijua tangu wiki iliyopita, na nikamwacha akaze skrubu zote kwa sababu mimi sijui kuunga kiti. Kisha nikamwambia, mbele ya wenzake, nikiwa bado na kicheko mdomoni.

Hakulia. Aliinuka, akauliza, "Huyo mgeni ni mrefu?"

Nikasema ni mrefu.

Akapiga magoti, akakipandisha kiti.