Mwenye Alivunja Mukono ya Kochi Philémon

Isidore, nimepiga muzee. Sasa hivi, mbele ya kanisa.

Unakumbuka finale ya basket ya 1983, wakati wa Zaïre, hapa Bukavu? Institut yetu, masomo yetu ya sekondari, ilishinda timu ya jeshi pointi mbili, na ule adjudant, askari wao, akaingia kiwanjani na chuma. Akamupiga Kochi Philémon mukono ya kuume. Mara tatu! Tulisikia mufupa inavunjika. Sisi wachezaji kumi na wawili, mimi na wewe ndani, hakuna hata mumoja alisogea.

Ule muzee ni yeye, Isidore! Ni yeye mwenyewe! Leo amenikaribia, akauliza: "Kochi yenu aliacha basket?"

Nikamujibu: "Hapana. Alifundisha na mukono ya kushoto. Akachukua makombe saba ingine kabla ya kufa."

Akasema: "Basi sikumuweza."

Nikamupiga ngumi. Akaanguka, kinywa ikajaa damu. Wamama wakanivuta: "Papa Polycarpe, utaua muzee!"

Yeye kule chini akasema: "Mumuache. Nilikuwa nangoja mumoja wa wale wachezaji tangu siku ile."

Nilifikiri nitasikia raha. Hakuna. Nimemubeba mpaka dispensaire, kwa muganga, tumekaa kwa banc moja, tunangoja dawa. Kuja, Isidore. Sijui nimuambie nini.